Namba Iliyokufa kwenye Ramani

"Aliyechoma nyumba hasifiwi kwa kuleta maji," alisema Lusajo, ameibana fomu mezani kwa kiganja ili mwenzake asiichukue.

"Na aliyekalia ndoo siku arobaini bila kunusa moshi, huyo asifiwe kwa lipi?" alijibu Ipyana. "Kwa kukalia ndoo vizuri?"

Subilaga hakucheka. Alikuwa ameegemea droo ya meza yake, sikio moja likisikiliza ugomvi, la pili likisikiliza ngazi. Mhandisi wao, Mama Mwambene, alikuwa amewaachia fomu ile asubuhi. Kamati ya hospitali ilikuwa imetoa nafasi moja ya kusomea uchoraji wa ramani za majengo chuoni, miaka mitatu, kwa yule aliyewaokoa akina mama. Kamati ilisema mmoja. Mama Mwambene alisema yeye siku ile hakuwepo, waliokuwepo ni wao. Waandike jina moja, naye akirudi alikute. Na wote watatu walikuwa wameacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyekuwa na njia nyingine ya kurudi darasani.

Wasikilizaji wangu, msichague upande bado. Sogeeni kwanza niwaambie walikuwa watu gani.

Ipyana alijaliwa mkono. Wa kulia ulishika kipanya, wa kushoto ulicheza juu ya vibonye, na hakuwahi kuonekana akitafuta amri kwenye kioo cha kompyuta. Kuta aliziweka kwenye leya yake, yaani tabaka lake la mchoro, nguzo kwenye yake, nondo kwenye yake, hivyo akizima moja nyingine zilibaki wazi. Kazi ya siku mbili aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, kisha akazunguka kuwaharakisha wengine.

Lusajo alijaliwa kumbukumbu. Hakufuta kitu. Kila jioni, kabla ya kuzima kompyuta, alihifadhi faili la kila ramani kwa jina jipya lenye tarehe, akalinakili kwenye flashi aliyoivaa shingoni kama hirizi. Wenzake walimwita Ghala.

Subilaga alijaliwa jicho. Hakuamini kioo, maana kwenye kioo unaweza kuukuza ufa ukawa mlango, na kuupunguza mlango ukawa ufa. Alichapa kila ramani kwenye karatasi, akaipitia kwa rula na kalamu nyekundu, na penye usahihi akatia alama ya vema. Ramani isiyo na vema zake haikutoka ofisini.

Walikuwa wanachora jengo la wazazi la hospitali iliyoko juu ya vilima, ng'ambo ya mashamba ya chai. Jengo lilikuwa na kibaraza cha ghorofani kilichotokeza mbele bila nguzo, upana wake mita moja na sentimita ishirini. Chini yake ndipo wajawazito wangejikinga mvua wakisubiri kliniki. Wauguzi wakaomba kipanuliwe ili kitanda kipite. Ipyana akavuta mistari hadi mita moja na sentimita themanini, na chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wachoraji wanalijua na wenye nyumba hawalijui. Kwenye kompyuta, kipimo kimeshikamana na mstari. Ukiuvuta mstari, namba inabadilika yenyewe; hiyo ni namba hai. Lakini kuna siku mchoraji ana haraka. Mstari unamwambia milimita 1197, naye anataka 1200. Badala ya kuunyoosha mstari, anaandika 1200 juu ya namba, na karatasi inapendeza. Namba hiyo imekufa. Mstari ukihama kesho, yenyewe itabaki palepale, na itasema uongo mbele za watu bila kupepesa macho.

Ipyana alikuwa ameua namba moja tu, kwenye mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa kwa kisu. Alipovuta mistari ya kibaraza kwenye michoro yote miwili, ramani ya sakafu ikasema 1800, mkato ukabaki unasema 1200. Seremala alisoma ramani ya sakafu, akatengeneza kasha pana la mbao la kumwagia zege. Fundi nondo alisoma mkato, akakata nondo fupi. Aliona haziufikii ukingo, lakini karatasi ilikuwa na muhuri, naye hakuwa mtu wa kubishana na muhuri. Zege likamwagwa, likafunika yote. Sentimita sitini za kibaraza zilikuwa zinaning'inia hewani bila mfupa, zimeshikiliwa na mirunda tu, miti ya muda iliyosimamishwa chini yake.

Siku ya ishirini na nane tangu zege limwagwe, ya arobaini tangu kibaraza kipanuliwe, siku ambayo mirunda hung'olewa, Subilaga alikuwa anachapa nakala za kuweka kwenye jalada. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliweka rula kwenye mkato. Namba ilisema 1200. Rula ilisema 1800.

Alidhani ni printa, maana printa ikiambiwa ijaze karatasi hunyoosha au hufinya mchoro, na atakayepima hapo kwa rula atapotea. Akapima mlango wa pembeni. Mlango ulikuwa sahihi. Akapima tena kibaraza: 1800. Akawaita wenzake.

Ipyana alitazama mara moja. Hakuuliza ni nani. Alisema, "Ni mimi. Niliandika juu ya namba." Wakampigia msimamizi wa ujenzi, Fundi Kasyupa, simu ikaita mpaka ikakata, mara tatu. Saa ilikuwa inakaribia tatu asubuhi, na mirunda hung'olewa saa tatu. Mama Mwambene alikuwa Mbeya mjini. Ipyana alishuka ngazi akakodi pikipiki, akapotea ndani ya mvua bila koti.

Lusajo alibaki. Alichomoa flashi shingoni, akafungua mafaili kwa tarehe. Hapa kibaraza hakijapanuliwa. Hapa kimepanuliwa, na namba ya mkato imebaki ilivyokuwa. Hapa orodha ya nondo imetolewa kwenye namba ileile iliyokufa. Akachapa karatasi tatu. Subilaga akazitia kwenye nailoni, akazificha ndani ya sweta, wakapanda pikipiki moja mshikaki, dereva mbele, Lusajo katikati, yeye nyuma. Njia nzima ya matope alikuwa anahesabu moyoni, na kila alipofika ishirini alisikia zege likianguka, ingawa ilikuwa radi tu.

Walipofika, mirunda ya safu ya mbele ilikuwa imeshang'olewa. Akina mama kumi na wanne wa kliniki walikuwa wamesimama mvuani na kanga zao kichwani; Ipyana alikuwa amewatoa mmoja mmoja chini ya kibaraza, walikokuwa wamejikinga mvua. Kisha, mafundi walipotaka kuendelea, yeye mwenyewe alikuwa ameingia pale walipotoka. Alikuwa amekumbatia mrunda wa safu ya pili, na juu ya kichwa chake ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza kutembea kwenye zege.

Fundi Kasyupa alikuwa na nyundo mkononi. Lori lilikuwa linasubiri mirunda ile kwa kazi nyingine. Alimwambia Ipyana kwamba yeye ana karatasi yenye muhuri wa mhandisi. Je, yeye kijana ana nini?

"Sina karatasi, fundi," Ipyana alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Ng'oeni mkitaka. Mimi sitoki."

Mafundi wawili walikuwa wamekwishamshika mikono wamburute, ndipo Lusajo akazifungua zile karatasi chini ya mwavuli wa muuguzi. Hakupayuka. Alionyesha tarehe kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemsomea mzazi matokeo ya mtoto. Fundi Kasyupa alisoma, akamwita fundi nondo aje na tindo. Wakachimba ukingo wa kibaraza kina cha kiganja. Wakachimba tena. Hapakuwa na nondo.

Juu kukasikika kitu kikisema ta, kidogo tu, kama kijiti kuvunjika. Watu wote walirudi nyuma isipokuwa Ipyana, ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Subilaga ndiye aliyeingia akamvuta, na mpaka leo hakumbuki alivyoingia. Mirunda ikarudishwa harakaharaka, na alasiri Mama Mwambene akafika akaamuru nguzo tatu zijengwe. Zipo mpaka sasa.

Bila jicho, nani angejua? Bila mwili ule chini ya zege, karatasi zingefika zimechelewa. Bila karatasi, mwili ule ungeburutwa kama gunia na nyundo ingeendelea. Ndiyo maana ugomvi wa fomu haukuwa na mwisho.

Lusajo ndiye aliyechoka kwanza. Alisema basi, Ipyana ana doa, na yeye mwenyewe anaambiwa ana doa la kukalia ndoo. Aandikwe aliye safi. "Tumwandike Subilaga," alisema. "Aliona, akasema, hakumdhuru mtu."

Ipyana akaitikia kwa kichwa. Lusajo akachukua kalamu, akaandika herufi ya kwanza.

Subilaga aliitazama herufi ile. Angenyamaza kidogo tu, muda wa kuandika jina. Mgongoni mwake, ndani ya droo, ilikuwepo karatasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiulizia. Alikuwa ameitazama kila siku tangu siku ya mvua, na kila siku akaogopa kuichana na akaogopa kuitoa.

Akaivuta droo. Akaiweka karatasi juu ya fomu. Ilikuwa nakala ya kwanza ya mkato baada ya kibaraza kupanuliwa, na kando ya 1200 palikuwa na vema nyekundu.

"Sikuweka rula," alisema. "Ipyana alikuwa amesimama nyuma yangu ananiharakisha, nikaogopa kuitwa mchelewaji. Nilitia vema bila kupima. Mimi ndiye niliyeitoa ofisini."

Lusajo alishusha kalamu. "Dada, ungenyamaza ungekwenda shule."

"Najua," alisema Subilaga.

Chini, mlango wa barabarani ulifunguliwa, na ngazi zikaanza kulia.

Nimewafikisha hapo, wasikilizaji wangu, na mimi sivuki. Mmoja aliua namba, akaweka kichwa chake chini ya zege. Mmoja hakukosea popote, lakini uongo ulilala shingoni mwake siku arobaini asiufungue. Mmoja aliona mara ya pili kile alichokifumbia macho mara ya kwanza, akasema pale ambapo kusema kulimgharimu. Fomu ina herufi moja, na kalamu iko wazi mezani. Je, wewe ungeandika jina la nani?

Kitasa kilizunguka. Mama Mwambene alisimama mlangoni, mwavuli unachuruzika, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Gari la kamati liko chini, halitasubiri. Nisomeeni jina."