Koti la Milia

Kuna huruma inayomfaa anayehurumiwa, na kuna huruma inayomfaa anayehurumia peke yake. Kwa nje zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Mlezi akishindwa kuyavumilia machozi ya mtoto leo, akampa kila anacholilia ili mradi anyamaze, hajayafuta machozi hayo. Ameyaahirisha tu, na siku yatakaporudi yatamtafuta mlezi mwenyewe. Asiyeamini na asikilize habari za fundi cherehani mmoja na mtoto wa punda milia.

Fundi huyu alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na mguu usiotulia. Katika duka la mjomba wake mguu ule ulikuwa mali, kwani ulikanyaga cherehani kutwa bila kuchoka. Taabu ni kwamba hata cherehani iliposimama, mguu uliendelea. Alipokula ulitikisika chini ya meza. Aliposubiri mteja uligonga sakafu hadi pini zikarukaruka ndani ya kisahani. Na roho yake ilikuwa vivyo hivyo, juu juu kama moto wa mabua. Aliwahi kujifunza useremala akaacha, akauza simu akaacha, akaposa akaachwa. Siku aliposoma tangazo ukutani kwamba hifadhi ya wanyama inatafuta watu wa kujitolea kwa miezi mitatu, chakula na malazi vipo, mshahara hakuna, alirudi dukani akauvua mkanda wa kupimia shingoni.

"Mjomba, naenda."

"Wapi tena?"

"Hifadhini. Kulea wanyama yatima."

Mjomba alitoa pini mdomoni kwanza. "Cherehani haina miguu, na imekushinda kukaa nayo. Utawaweza wenye miguu minne?"

"Hao nitakaa nao, Mjomba. Utaona."

"Haya bwana. Kiti chako simpi mtu. Wiki moja sikupi."

Maneno yale yalimchoma Fundi kama sindano chini ya ukucha. Aliapa moyoni kwamba safari hii kitu kimoja atakifikisha mwisho.

Kituo cha mayatima kilikuwa nyumba ndefu ya bati pembezoni mwa hifadhi. Chumba cha mbele kilikuwa jiko la maziwa. Humo mlikuwa na ndoo za vipimo, chupa kubwa zenye chuchu za mpira, kipimajoto kilichofungwa kwa kamba na ubao wa zamu ulioandikwa kwa chaki. Mkuu wa mahali pale alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya chini, aliyelea wanyama kwa miaka kumi na tisa. Wote walimwita Mama Maziwa.

Nyuma ya jiko, ndani ya boma la miti, alikuwamo mtoto wa punda milia wa wiki tatu. Askari wa doria walimkuta amesimama kando ya mzoga wa mama yake, aliyenaswa na mtego wa waya. Alikuwa na miguu mirefu kuliko akili yake, na manyoya ya kahawia mgongoni kama vumbi lililokataa kupanguswa. Jina hakuwa nalo. Aliitwa Mtoto, basi.

Mama Maziwa alishusha kutoka msumarini koti refu la turubai lililopakwa milia kwa rangi ya ukuta. "Huyu ndiye mama yake," akasema. "Punda milia akizaliwa huikariri milia ya mamaye, asije akapotea kundini. Sisi hatumpi mtu wa kumkariri, tunampa koti. Leo analivaa huyu, kesho yule, yeye aone milia tu. Ukiingia, vaa koti, funga mdomo. Mpe chupa, safisha boma, toka. Usimsemeshe, usimbembeleze."

"Na akilia?"

"Atalia. Akilia, wewe nenda zako. Siku kundi likipita hapa tunataka afuate milia, asifuate miguu miwili."

Fundi alikuwa analigeuzageuza koti. "Mama, samahani. Milia hii imechorwa na nani? Punda mwenyewe akiiona atacheka."

"Nimechora mimi," alijibu dereva wa kituo, aliyeegemea mlango akitafuna kijiti. "Nilikuwa nimebakiwa na rangi ya choo."

Fundi hakuweza kuivumilia kazi mbaya. Aliomba vitambaa, cheusi na cheupe, akaikarabati cherehani mbovu iliyokuwa stoo, na kwa siku mbili akashona koti jipya. Milia yake ilikuwa myembamba mabegani na mipana kiunoni, kama ya mnyama hasa. Dereva alilivaa akazunguka nalo uani.

"Toeni hili koti mwilini mwangu," akasema. "Nikipita nalo porini nitaposwa."

Mama Maziwa alicheka hadi akashika meza. Fundi akajiona amefika.

Lakini mtu hujulikana kwenye kazi isiyoonekana. Zamu yake ilikuwa ya saa kumi jioni. Mtoto alinyonya chupa hadi tone la mwisho, na Fundi alipovuta komeo na kuondoka, kilio kilianza. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mlango wenye kutu unaosukumwa na mtu asiyetaka kusumbua wenyeji: kifupi, kikakatika, kikarudi tena. Dereva alikuwa akikisikia na kuendelea kupiga mluzi. Mama Maziwa alikisikia akaendelea kuosha ndoo. Fundi hakuweza. Alizunguka nyumba mara tatu. Aliosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Alipoketi, mguu ulipiga sakafu kama seremala anayepigilia msumari.

"Wewe ndugu," dereva alimwambia, "analia yeye, unahangaika wewe. Nani kati yenu anyonyeshwe?"

Siku ya tisa alirudi. Alijiambia anakwenda kuhakikisha komeo. Alipofika, Mtoto alikuwa amebana pua kwenye nafasi ya miti, anatetemeka.

"Nyamaza basi, mdogo wangu," Fundi alisema kwa sauti. "Nipo. Siendi popote."

Mtoto alinyamaza papo hapo. Akaja, akaegemeza paji la uso kwenye paja la Fundi, akashusha pumzi ndefu. Na msomaji, jambo la ajabu si hilo. Jambo la ajabu ni kwamba ule mguu wa Fundi, uliotikisika tangu utotoni, ulitulia. Alisimama pale nusu saa, kimya ndani na nje. Hapo ndipo alipopaswa kujiuliza ni nani hasa anayebembelezwa. Hakujiuliza. Kesho yake alirudi tena, na kesho kutwa, na kila jioni, wenzake walipokuwa upande wa pili wakilisha mayatima wengine. Akawa anamsimulia Mtoto habari za duka, za mjomba, za yule mchumba aliyemwacha. Koti alilivaa, ndiyo, lakini koti halina sauti.

Miezi miwili na nusu ikapita. Mtoto alikula majani vizuri, miguu ikakaza. Nje ya boma Mama Maziwa alikuwa ameweka chumvi, na kila asubuhi kundi la punda milia tisa lilikuja kuilamba. Kati yao alikuwamo jike mmoja aliyepoteza mwanawe. Alizoea kusimama ng'ambo ya miti, akinusa, na Mtoto akimnusa. Mama Maziwa alikuwa akilitazama jambo lile bila kupepesa, kama mtu anayetazama maziwa yaliyokaribia kuchemka.

Kisha Fundi akashikwa na homa, akalala siku nzima. Alipoamka siku ya pili aliitwa jikoni.

"Kaa, mwanangu."

Alikaa. Mguu ukaanza.

"Jana Mtoto amekataa chupa ya dereva. Koti lile lile, maziwa yale yale. Umewahi kumsemesha?"

"Hapana, Mama."

"Sikuulizi ili nikufukuze. Sikiliza. Bwawa limebaki tope, kundi litahama baada ya siku sita au saba. Kama Mtoto amezoea mtu, simfungulii kesho. Namtoa mtu huyo kwenye zamu, namwacha Mtoto alie siku tano mpaka amsahau, ndipo namfungulia. Muda upo, lakini ni huo tu. Kundi likishakwenda, hapa halirudi mpaka mwakani, na mwakani atakuwa mkubwa. Hawatampokea."

Fundi alizisikia zile siku tano. Alizisikia moja moja, kilio kwa kilio, naye akiwa upande wa pili wa ukuta amekatazwa kwenda. Akajiambia: akiona kundi atanisahau mwenyewe, mtoto ni mtoto.

"Mwanangu?"

"Sijamsemesha, Mama. Labda alikuwa ameshiba."

Mama Maziwa alichukua chaki, akaandika ubaoni: *Mtoto, kesho.*

Saa moja asubuhi gari lilisimama hatua mia mbili kutoka bomani. Ndani walikuwamo watatu, Mama Maziwa, dereva na Fundi, na amri ilikuwa moja: kimya. Mlinzi alivuta kamba kutoka mbali, lango likafunguka. Mtoto alitoka akisitasita, kama mtu anayekanyaga maji asiyoyajua. Jike alimwendea. Dume la kundi lilikuja likamnusa ubavuni, likapiga chafya, likamwacha.

"Amepokelewa," Mama Maziwa alinong'ona. Machozi yalimlengalenga. "Mungu wangu, amepokelewa."

Kundi likaanza kuondoka. Mtoto alikwenda nalo, ubavu kwa ubavu na yule jike, hatua thelathini, hatua hamsini. Kisha akasimama. Akageuka kuelekea bomani. Akalia.

Jike naye akasimama, akamngoja.

"Mwacheni," Mama Maziwa alisema. "Anaaga. Mwacheni aage."

Akalia mara ya pili. Mguu wa Fundi uligonga sakafu ya gari.

"Fundi, tuliza huo mguu," dereva alisema bila kufungua meno.

Akalia mara ya tatu, kifupi, kikakatika. Na Fundi, ambaye kwa miezi miwili na zaidi hakuwahi kukiacha kilio kile bila kukijibu, alisimama akatoa kichwa nje ya paa la gari, akapaza sauti:

"Nenda! Nenda nao, mdogo wangu! Nenda!"

Maneno yalikuwa sawa kabisa. Lakini Mtoto hakujua maneno, alijua sauti. Maneno yalimwambia nenda. Sauti ilimwambia njoo. Alikuja mbio, shingo mbele, vumbi nyuma. Jike alimfuata hatua kadhaa akimwita, hadi dume lilipomkingia njia, likamsukuma kwa shingo na kumrudisha. Mtoto alipofika garini na kubana pua yake mlangoni, kundi lilikuwa mstari mdogo kwenye majani. Halafu hapakuwa na mstari.

Kelele ilikuwa imelishtua kundi; kesho yake halikuja kulamba chumvi, nao wakalitafuta siku nne kwa gari. Siku ya tano Mama Maziwa alisema inatosha.

"Tangu lini?" alimwuliza Fundi.

"Siku ya tisa."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mama." Fundi aliinamisha kichwa. "Nitukane basi. Nifukuze."

"Nikikutukana utapumzika," alijibu, akaendelea kupima maziwa.

Lakini uamuzi aliueleza waziwazi, kwa kuwa Fundi alistahili kuusikia. Mnyama anayekimbilia sauti ya binadamu hafunguliwi porini, maana mwenye mtego wa waya naye ana sauti. Mtoto atapelekwa kwenye bustani ya wanyama mjini, penye ukuta, sakafu ya saruji na watu wa kumtazama. Ataishi huko hadi kufa kwake. Hatakimbia tena zaidi ya hatua arobaini.

Lori lilikuja baada ya wiki mbili. Watu wanne walimvuta Mtoto kwa kamba hadi kwenye ubao wa kupandia. Alipiga mateke, akaanguka, akainuka na goti likitoka damu. Mwenye lori akaanza kutafuta fimbo.

"Acha," Mama Maziwa alimkataza. Akamgeukia Fundi. "Mwite wewe."

"Mama, nakuomba. Mtu mwingine."

"Mtu mwingine hayupo. Ulihakikisha mwenyewe."

Fundi alipanda ubao mikono mitupu. "Njoo, mdogo wangu," alisema. Mtoto aliacha kutetemeka. Alimfuata hadi ndani, taratibu, kana kwamba anaingizwa malishoni, akaegemeza paji la uso kwenye paja lake na kushusha pumzi. Fundi alimshika masikio mpaka mwenye lori alipogonga bodi. Kisha akatoka kwa mlango mdogo wa ubavuni, na komeo likavutwa nyuma yake.

Mtoto hakulia. Alichungulia katikati ya mbao kwa jicho moja jeusi, ametulia tuli, kwa sababu yule aliyetoka hajawahi kutoka asirudi. Alikuwa anangoja arudi. Lori lilinguruma, likayumba, likashika njia. Jicho lile lilibaki pale pale hadi kona ikalimeza.

Fundi alikaa chini barabarani. Alilia mwanamume mzima, kwa sauti, kamasi zikimchuruzika, na dereva aliyesimama karibu naye hakujua aweke wapi mikono yake. Alilia hadi vumbi la lori lilipotua juu ya nywele zake. Kilio alichokikimbia jioni zote zile kilikuwa cha dakika chache, cha mtoto anayejifunza kuwa huru. Hiki kilikuwa chake, na hapakuwa na mtu wa kuja kukinyamazisha.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye.