Simu Iliyokuja Kila Jumapili

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime kidogo, maana hadithi yenyewe ni ya simu na sitaki nyingine iniingilie. Nawaonya mapema kwamba haichekeshi. Mwisho nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" nitamsimulia upya mpaka ajue.

Walikuwepo marafiki watatu, wanawake, wenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Waliendesha tovuti ya kutafuta watu waliopotea. Ukipotelewa na ndugu, uliwapelekea picha, wakaiweka kwenye tovuti, na mwenye habari zake aliandika ujumbe papo hapo.

Bupe alikuwa na mkono. Yeye hakubofyabofya vitufe kama mimi na wewe. Alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, akaandika amri ya mstari mmoja, na tovuti ikatii. Mwanahawa alikuwa na jicho. Kila asubuhi alisoma kumbukumbu za wageni wa tovuti, nani kaingia, kwa kifaa gani, saa ngapi, na mistari ile inayomtia mtu usingizi yeye aliisoma kwa hamu. Nakiete alikuwa na ulimi. Ukizungumza naye kidogo tu kwenye simu, ameshajua kama unasema kweli.

Siku moja akaja Mama Vene. Binti yake, Veneranda, alikwenda mji wa mbali kufanya kazi za ndani. Huko akaibiwa simu, na huku mama naye alikuwa amehama kijiji na kubadilisha laini. Wakapoteana hivyo tu, bila ugomvi wala kuagana.

"Wanangu, mimi sitaki kingine," alisema Mama Vene. "Nataka nimwite, nimsikie anaitika."

Picha ya Veneranda ikawekwa.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Matapeli walikuwa wakiisumbua tovuti kwa programu zinazojiendesha zenyewe, roboti, zikiwaandikia wazazi uongo kwamba mtoto wao kaonekana. Kuna baba mmoja alisafiri kutwa nzima kwa uongo kama huo, akarudi amekonda. Bupe akakasirika. Akafungua dirisha lake jeusi, akaiamuru programu inayotambua vifaa vya wageni: kifaa usichokijua, kifungie mlango. Akajaribu kwa simu yake, tovuti ikafunguka. Mwanahawa akajaribu, ikafunguka. Nakiete naye, ikafunguka. Wakapongezana. Wote watatu walikuwa na simu za kupangusa, jamani! Hakuna aliyekumbuka kitochi, ile simu ndogo ya vitufe.

Ikapita miezi.

Mwanahawa ndiye aliyeona. Katika kumbukumbu za waliofukuzwa mlangoni kulikuwa na kifaa kimoja kidogo kisichojulikana, kinakuja kila Jumapili alasiri, kinafukuzwa, na Jumapili inayofuata kinarudi. Mwanzoni alikipuuza, akisema roboti ndiyo huja kwa ratiba. Halafu siku moja akaacha chai yake mezani. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa dada wa kazi kabla ya kusoma, na aliijua Jumapili alasiri. Ndiyo saa pekee ambayo dada wa kazi hupewa iwe yake.

"Bupe, hiyo si roboti," alisema. "Huyo ni mtu, na tunamfukuza."

Bupe ndiye aliyefungua. Aliandika amri ya kuondoa katazo lake, akaandika nyingine ya kuongeza vitochi kwenye vifaa vinavyotambulika. Kisha akaona haitoshi, kwa kuwa ukurasa ule wenye picha kubwa usingefunguka kwenye simu ndogo. Akatengeneza mwingine wa maneno matupu, akaiamuru programu iwapeleke huko wageni wa vitochi. Jumapili iliyofuata ujumbe ukaingia. "Mimi ndiye Veneranda, niliambiwa mnanitafuta. Nipo hospitali, nimejifungua mtoto wa kike. Hali yangu si nzuri. Mwambieni mama aje."

Nakiete ndiye aliyefikisha. Aliogopa kumpa mama tumaini la uongo, akikumbuka yule baba aliyerudi amekonda. Kwanza akamuuliza Mama Vene, kama mtu anayepiga soga tu, nyumbani walimwitaje binti alipokuwa mdogo. Siku ya pili akapiga namba iliyoachwa kwenye ujumbe, akapokea muuguzi, naye akalipeleka swali kitandani. Jibu likarudi: "Kaka zangu waliniita Kiroboto." Lilikuwa lenyewe, lile lile alilolitaja mama. Nakiete akamshika mama mkono wakasafiri.

Walipofika, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Veneranda alifariki jana yake. Muuguzi aliwapokea na kichanga kifuani, akalia yeye kwanza.

Baada ya mazishi Mama Vene aliwakalisha wale watatu. Hakuwa na habari ya mlango uliofungwa. Alisema, "Bila ninyi mjukuu wangu angelelewa na watu nisiowajua. Aliyemleta mtoto huyu mikononi mwangu, jina lake ndilo nitakalompa. Jina la marehemu sitampa. Nimeliita mwaka mzima bila kuitikiwa."

Mwanahawa akainamisha kichwa. "Mpe la Bupe, mama. Mimi nilimwona akija, Jumapili baada ya Jumapili, nikasema ni mashine."

"Langu hapana," alisema Bupe. "Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Mpe la Nakiete, ndiye aliyekufikisha."

Nakiete alikuwa akilia waziwazi. "Nilikufikisha lini, mama? Ningekuambia siku ile ile ujumbe ulipoingia, ungemkuta anaitika."

Mama Vene aliwatazama mmoja mmoja. Ndipo alipojua yote. Nilidhani angewafukuza, na nisingemlaumu. Lakini mtoto aliamka akaanza kulia, na bibi akatafuta jina la kumbembelezea, hakulipata. Akambeba, akatembea naye chumbani huku na huku. Baadaye akasema, "Jina moja kati ya matatu nitampa. Niliahidi. Nisaidieni kuchagua."

Hakuna aliyemsaidia. Mpaka leo kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Veneranda".

Basi mimi nimechoka kulibeba peke yangu, nawaachia. Bila jicho, mkono usingejua pa kufungua. Bila mkono, ujumbe usingeingia. Bila ulimi, mama asingeamini wala kufika. Na kila mmoja wao alimchelewesha Veneranda kidogo, na vile vidogo vitatu vikajumlika. Bibi amekaa, mtoto analia, anangoja kuitwa. Wewe uliyekaa hapo, ungemwita nani?