Pesa za Jicho

Wahenga hawakuona haya kutuambia kwamba mficha uchi hazai. Maana yao ni kwamba mtu anayeificha shida yake kwa kuona aibu hajiachii nafasi ya kusaidiwa. Mama Pini, fundi wa kushona nguo, alikuwa akiwatania wateja wake kwa methali hiyo kila siku ya Mungu, asijue kwamba inamngoja yeye mwenyewe.

Jina hilo alilipata kwa mazoea yake ya kubana pini midomoni akiwa kazini. Asubuhi moja alikuwa nazo tatu. Mbele yake alisimama wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mcheshi asiyejua kulaza neno. Alikuwa amekuja kupimwa gauni, lakini sweta hataki kuvua.

"Vua, wifi. Nipime sweta au nikupime wewe?"

"Pima hivihivi, kisha upunguze kidogo. Nimenenepa mno, naona aibu."

"Aibu mbele ya fundi? Mficha uchi hazai!" Mama Pini alicheka, lakini lilikuwa jino pembe tu.

Simu ikalia mezani. Moyo ukamlipuka paa.

Miezi minane nyuma alikuwa amenunua cherehani ya umeme kwa kadi ya mkopo ya benki, akitegemea oda ya sare za shule. Oda ikafutwa. Akawa analipa kile kiasi cha chini kabisa kila mwezi, na riba ikawa inazaana kama panya. Mumewe hakuambiwa neno. Barua za benki alizizika kwenye boksi la karatasi za kukatia nguo, chini ya zile za kola na mikono, na kila mlango ulipobishwa alilifunika boksi kwa kitambaa.

Siku mbili kabla ya asubuhi hii aliona tangazo kwenye simu: nusu ya deni lako itafutwa kwa wiki moja. Alipopiga, alipokea bwana mmoja mwenye sauti ya asali aliyejiita Mshauri. Mshauri alichukua namba za kadi na ada ndogo ya kujiandikisha, kisha akatoa masharti: usiilipe benki tena, usipokee simu zao, usimwambie mtu, hata mzee wa nyumbani. Ada kubwa ilipwe yote kabla ya saa sita mchana leo.

Ada hiyo alikuwa nayo, ila haikuwa yake. Zilikuwa pesa za jicho. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mwaka mzima alipanda ngazi na kushuka akidunduliza ili mama yake apasuliwe mtoto wa jicho. Jicho moja la mama lilikuwa limekwisha kufa, na daktari alionya kwamba la pili halitangoja. Pesa hizo alimkabidhi mkewe azitunze. Mama Pini alijua kuzigusa ni dhambi, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Aliteleza nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akapokea.

"Mama, imebaki nusu saa," ilisema sauti ya Mshauri. "Tuma ile ada. Halafu nisomee tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye ujumbe wako."

"Natuma, baba. Lakini kweli deni litapungua? Pesa hizi ni za jicho la mama mkwe wangu."

Masikini, alisahau kwamba pazia halizuii sauti. Likafunuliwa. Wifi alikuwa amesimama hapo, sweta mkononi.

"Mimi nimeshavua," alisema polepole. "Sasa zamu yako."

Mama Pini alitema pini, akaketi chini, akalia kwa kwikwi. Akalipasua jipu lote, huku simu bado iko hewani.

Wifi hakumgombeza. Aliuliza moja tu: "Huyo bwana amekuuliza unadaiwa kiasi gani?"

Mama Pini akafikiri. "Hapana. Hajauliza."

"Na bei ameshataja! Fundi gani anayetaja bei ya gauni hata kabla hajakupima?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko pini. Miaka ishirini ya ufundi, hajawahi kukata kitambaa kabla ya kupima!

"Nani huyo?" simu ilifoka, asali yote imekauka. "Si nilikwambia usimwambie mtu? Utafungwa wewe!"

Mama Pini akaikata simu. Palepale walipiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Mhudumu wa benki aliifunga kadi, akasema tarakimu zile hasomewi mtu yeyote, na akamtaka aje wapange malipo ya kila mwezi anayoyaweza. Nusu ya deni haikufutwa. Ada ya kujiandikisha nayo ilikwenda na maji.

Jioni ilikuwa nzito kuliko asubuhi. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, rangi nyeupe bado imemganda kwenye kucha.

"Pesa za mama?"

"Zipo zote."

Akashusha pumzi. "Deni tungelibeba wote. Kunificha ndiko kulikoniuma." Siku tatu nzima walisemeshana kwa shida.

Wiki mbili baadaye mama mkwe, aliyekuwa ameshapasuliwa jicho, alifunguliwa bandeji. Alipepesa jicho, akamtazama mkaza mwanawe kwa muda mrefu. "Mbona umekonda hivi, mwanangu? Una nini?"

Zamani angejibu, "Sina kitu, mama." Leo alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote, hata nusu saa ile ambayo karibu imnyime mwanga.

Mama mkwe alicheka hadi wifi akamwonya asije akaumiza jicho. "Kumbe miezi yote hiyo ulikuwa ukijificha, na mimi hapa sioni!"

Hakika, mficha uchi hazai.