Dirisha la Bohari na Furaha ya Mji Mzima

Palikuwa na sultani aliyetaka watu wake wafurahi kwa amri. Sultani Jabiri alifungua bandari kwa matajiri wa dunia, akawapa soko lote la mafuta, na wakamuaji wa mafuta ya nazi wakaambiwa watafute kazi nyingine. Wakaandamana. Siku hizo miji mingi ya ng'ambo ilikuwa ikiandamana kwa shida hiyo hiyo, na gazeti la Sultani liliandika habari za maandamano hayo yote. Mwandishi wake, mwenye kalamu kali na ujasiri usio kifani, nilikuwa mimi.

Msinipigie makofi. Sijapata kuvuka bahari, wala hata mfereji ule wa nyuma ya soko. Popote watu walipoandamana, mimi nilikaa barazani kwangu, nikanywa kahawa, nikaandika: "Wahuni Wavunja Dirisha." Nilibadilisha jina la mji tu. Walichokuwa wakidai sikukiandika. Madai ni marefu. Dirisha ni fupi, linaenea vizuri kwenye kichwa cha habari.

Ilipofika zamu ya mji wetu nikaandika vile vile, nikaongeza kwamba aliyewaongoza wahuni na kulivunja dirisha la bohari la wageni ni Bi Siwema, mkamuaji wa mtaa wa Mgongeni. Kwa nini yeye? Kwa sababu nilikuwa nanunua mafuta kwake, basi jina lake nalijua. Sultani aliposoma akaagiza aletwe mbele yake na mbele ya matajiri wake. Akionekana na hatia, kinu chake kinachukuliwa na yeye anafukuzwa mjini, pamoja na wanawe. Niliona huruma kwelikweli. Mafuta yake mazuri.

Bi Siwema alipoletwa, nami nikiwapo, Sultani akainua gazeti juu.

"Gazeti langu halisemi uongo. Atakayesema limesema uongo, namkata ulimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Maulana. Mimi nani hata nilikanushe?"

"Ukurasa wa pili unasema ulivunja dirisha la bohari kwa hasira, kwa kuwachukia wageni wangu. Unaukubali?"

"Naukubali. Na ukurasa wa kwanza, Maulana, nao niukubali?"

"Zote! Kila herufi!"

"Basi namwomba bwana mwandishi atusomee pale juu kabisa."

Nikasoma kwa sauti nzuri, sauti ninayojivunia: "Mji mzima, mkubwa kwa mdogo, wafurahia mafuta ya wageni. Hakuna hata mmoja mwenye kinyongo." Maneno hayo hutoka kila toleo. Herufi zake hatujazitoa mashineni tangu bandari ilipofunguliwa, zimeshika kutu pale pale. Wallahi nilikuwa nimesahau kwamba zipo.

"Maulana, mimi ni mtu wa mji huu?"

"Ndiyo."

"Basi sina kinyongo."

"Lakini dirisha ulilivunja!"

"Kwa furaha, Maulana."

Matajiri wakaanza kutazamana. Sultani akapiga mkono kitini.

"Nani aliyewahi kuvunja dirisha kwa furaha?"

"Hata mimi nashangaa. Nilitaka kusema ni hasira, nikauogopea ulimi wangu. Ukiniadhibu kwa hasira, ukurasa wa kwanza utakuwa umewadanganya wageni wako hawa, walioleta meli zao kwa kuuamini. Ukiniadhibu kwa furaha, mji mzima una furaha. Utatufukuza sote?"

Tajiri mmoja mnene akakohoa, akauliza kwa adabu tupu: "Samahani, Maulana. Tuamini ukurasa upi?"

Jasho likamtoka Sultani. Akalikunja gazeti, akalikalia.

"Mwacheni aende zake. Na kinu chake aachiwe." Kisha akanigeukia, macho mekundu. "Na wewe, mpumbavu! Ulipoyaandika haya, hukuyasoma?"

Bi Siwema alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akanionea huruma.

"Msamehe, Maulana. Yeye huandika tu. Kusoma ametuachia sisi."