Zimwi Lililokalia Ndiva

Sogeeni, wanangu, hadithi yangu ina mbio kuliko mimi.

Zimwi lilikalia ndiva, bwawa la mlimani, vijiji vitatu vikakauka. Nakijwa, mama wa kijiji kimojawapo, akapanda huko, mwanawe mgongoni akililia maji.

"Nipe mtoto, nikupe maji!" zimwi likanguruma. Akasogea. "Nipe mtoto!" Akasogea. "Nipe mtoto!" Akajikaza, akauliza:

"Babu, nawe unakunywa hapa?"

"Ndiva yangu!"

"Mbona basi kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, hatukuoni? Kila anywaye huku huja kuzoa tope. Au kiuno kimekwisha?"

Zimwi halipendi kuchekwa. Likainama, likazoa tope kwa makucha mpaka chini, likang'oa lenyewe kizibo cha mfereji uteremkao vijijini. Maji yakaliburura mferejini likipiga mayowe, vijiji vyote vikalisikia likipita.

Nakijwa akakinga kiganja, mtoto akanywa.

Hadithi imeteremka na maji, aitakaye aikinge.