Mlango Unaofunguka Wenyewe

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Msala wa mpita njia huvutia macho, kisha huondoka na mwenyewe. Hayo hata bawabu wa hoteli kongwe iliyotazama bahari aliyajua. Tatizo ni kwamba kujua ni kitu kimoja, na kushika ni kingine.

Bawabu huyo walimwita Kitasa. Kwa miaka ishirini na tisa alifungua mlango mzito wa mbao, akawapokea wageni mizigo na kuwauliza hali za watoto wao kwa majina. Mshahara ulikuwa wa kijungujiko. Ila hoteli ile ilikuwa na desturi yake: mfanyakazi akitimiza miaka thelathini mfululizo, hupewa chumba cha chini nyuma ya bustani, akaishi humo na mwenzake mpaka mauti. Kitasa alibakiza miezi minane. Mkewe alikuwa akihesabu siku, maana magoti yalimkataa, nao walikuwa wamepanga chumba ghorofa ya nne. Hakuwa ameshuka tangu mvua za mwaka uliopita.

Ndipo ikafunguliwa hoteli mpya ya vioo ufukweni. Meneja wake alivutiwa na kimo cha Kitasa na mvi zake, akamwahidi mshahara maradufu na koti la vifungo vya dhahabu. Kichwa kikamvimba.

"Baba watoto, miezi minane si kitu," mkewe alimsihi. "Vumilia. Mimi nataka kukanyaga mchanga tu kabla sijafa."

"Hujaiona wewe ile hoteli! Mlango unafunguka wenyewe, hata hauguswi!"

"Sasa kama unafunguka wenyewe, wewe wanakutaka wa nini?"

Kitasa alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mjane mwenye hoteli kongwe naye alimwambia, "Sikufukuzi wala sikuzuii. Ila ukitoka, miaka yako imekatika."

Akatoka. Miezi mitatu alisimama kando ya vioo akipigwa picha. Hakuna aliyempa begi. Yote yalikuwa na magurudumu. Msimu wa wageni ulipokwisha, meneja alimshukuru kwa maneno matamu, kisha akamwomba arudishe koti.

Kitasa alirudi alikotoka, mkia katikati ya miguu. Bawabu mpya, ambaye hakumjua, alimfungulia ule mlango wa mbao kwa adabu.

"Karibu, mgeni wetu. Mizigo iko wapi?"

Kitasa aliomba kuonana na mjane.

Mjane alimpokea bila kinyongo. "Kazi ya bustani ipo, anza hata kesho. Lakini chumba nimempa dobi, katimiza miaka yake. Wewe utaanza na mmoja."

"Nina miaka hamsini na minane, mama."

"Najua, baba. Najua."

Alipanda ngazi za ghorofa nne polepole, na kila ngazi ilimuuma kuliko iliyotangulia. Mkewe alikuwa ameketi karibu na mlango, amevaa kanga mpya na viatu vya kutokea, fimbo yake mkononi.

"Wamekubali kutupa chumba chetu? Nimeshajiandaa."

Kitasa alipiga magoti mbele yake, akaanza kumvua viatu, kimoja baada ya kingine. Mkewe alimwekea mkono begani tu, na mzee yule akalia kwa sauti.

Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.