Kata ya Kwanza

Mtu mmoja alikuwa na boma kubwa, kubwa kama nchi, lenye kaya nyingi ndani yake. Aliitwa Mzee Kiwelu. Katikati ya ua ulikaa mtungi mmoja wa pombe ya mbege, na mpishi wake alikuwa Aikande. Siku zile, jamani! Jua likianza kupoa, harufu ya ndizi na ulezi ilikutoa ndani hata kama umenuna. Posa zilisemwa pale, ugomvi wa mipaka uliishia pale. Na Aikande alikuwa na desturi aliyoachiwa na mama yake: kata ya kwanza hunywa mwenyewe, watu wote wakimtazama, ndipo huwapa wengine.

Ila Eliamani, mumewe, hakujua kuacha. Alilala mferejini mara mbili, na mara ya pili suruali yake haijulikani hadi leo ilikwenda wapi. Wengine walipiga wake zao. Kwa hiyo Mzee Kiwelu alipopiga marufuku pombe boma zima, kina mama walipiga vigelegele, na aliyewazidi wote ni Aikande. Mtungi aliubeba mwenyewe, akaupasua jiweni kwa mkono wake, akijua anamwokoa mume.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Eliamani alirudi nyumbani mapema, hata nyumba akaipaka chokaa. Mwaka wa pili, mlinzi aliyewekwa kunusa midomo ya watu akaanza kutafuna karafuu tangu asubuhi, na watu wakaangaliana. Nyuma ya migomba sasa kulikuwa na chupa. Ya nani? Haina mwenyewe. Imepikwa kwa kitu gani? Usiulize, kunywa upesi, futa mdomo, potea.

Asubuhi moja, baada ya usiku wa nyuma ya migomba, Eliamani aliamka, akamuuliza mkewe mbona hajafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi.

Wiki hiyo walizikwa watu watatu, na yule wa karafuu mmojawao. Mzee Kiwelu hakusema amekosea, wakubwa hawasemi. Alileta tu mtungi mpya, akauweka palepale uani. Aikande akapika. Watu wakarudi, wachache, wakakaa mbalimbali kama wageni, kila mmoja akikumbuka nani alikuwa akikaa wapi. Aikande akajaza kata, akampelekea mumewe, aliyekuwa akipapasa hewa kwa mikono miwili. Eliamani akaigusa kata, akasita.

"Mama Manka, umeonja?"

Aikande hakuwa ameonja, machozi yalimsahaulisha. Akaichukua kata, akanywa kwa sauti ili asikike, akairudisha mikononi mwa mumewe.

"Nimeonja, baba Manka. Na leo ni hii moja tu."

Basi ninyi mnaotamani kupasua mitungi, ulevi ukishahamia nyuma ya migomba, ni nani huko atakayewaonjea?